Mtoto Wetu Amepata Chuo, Atalala Wapi?

Maneno yaliyosomwa na Kamati ya Elimu katika mkutano mkuu wa mwaka wa umoja wetu, mjini Unguja

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na vijana wa Micheweni mliofika hapa leo, na nyinyi mtakaosoma maneno haya mkiwa Wingwi, Tumbe, Konde, Kiuyu, Maziwang'ombe, Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Muscat: tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena, na tunawaombea rehema wenzetu waliotangulia mbele ya haki tangu mkutano uliopita.

Taarifa ya mapato na matumizi mmeshaisikia. Sisi wa Kamati ya Elimu tumepewa nafasi baada yake, na tunaomba tuitumie kwa jambo moja tu. Jambo lenyewe ni pahala pa kulala kwa watoto wetu wanaokuja kusoma vyuo vya Unguja.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, simu zetu hazitulii. Mtoto wa fulani kafaulu, mtoto wa fulani kapata ualimu, mwengine kapata uuguzi, mwengine kompyuta. Nyumbani hupikwa pilau, na jirani asiyejua kusoma huomba aonyeshwe ile barua. Furaha hiyo hukaa siku tatu, nne. Kisha mzee wa nyumba, akiwa amekaa barazani na wenzake, huuliza: "Sasa huko Unguja atafikia kwa nani?" Hapo watu hunyamaza.

Zamani swali letu lilikuwa kama mtoto atafaulu. Walimu wetu wa Micheweni wamefanya kazi kubwa, na watoto wanafaulu. Zamani pia swali lilikuwa kama chuo kipo. Kabla ya mwaka 1998 Zanzibar haikuwa na chuo kikuu hata kimoja, na aliyetaka shahada alivuka kwenda Bara au nchi za nje. Mwaka huo kilianza Chuo Kikuu cha Zanzibar kule Tunguu, na kikaanza pia chuo cha ualimu cha Chukwani ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kikaanza kusomesha mwaka 2001. Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia ipo Mbweni. Chuo cha Utawala wa Umma kipo Tunguu. Mwaka 2023 hata IIT Madras ya India ilifungua tawi lake Bweleo. Chuo si tatizo tena. SUZA ina tawi Pemba pia, lakini masomo mengi ya shahada yako huku Unguja, na mtoto wetu hana budi kupanda boti.

Wenzetu wa Unguja wana shida zao, lakini mtoto wa Makunduchi au wa Mkwajuni akikosa chumba anaweza kupanda daladala alfajiri na kurudi kwao magharibi. Atachoka, lakini atalala kwa mama yake. Mtoto wa Micheweni hawezi. Kwanza aimalize Pemba nzima mpaka bandari ya Mkoani, ndipo aivuke bahari. Kwa hiyo neno "chumba" kwetu sisi lina uzito ambao kwa mwengine halina. Asiye na chumba Unguja hana chuo, hata kama barua iko mkononi.

Tuseme na dakhalia za vyuo. Zipo, na wanaozipata wanashukuru. Lakini vitanda ni vichache kuliko wanafunzi, na wengi huambiwa watafute mtaani. Jambo hili haliko Zanzibar peke yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata mabweni mapya mwaka 2017, majengo 20 ya kulala wanafunzi 3,840, na bado wako wanafunzi wengi wanaopanga mitaani. Serikali inajenga, vyuo vinajenga, na idadi ya wanaofaulu inakwenda mbio kuliko matofali.

Huko mtaani nako mambo yamebadilika. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya 2022 ikahesabu 893,169. Hao ni karibu watu laki tatu zaidi ndani ya miaka kumi, na ni karibu nusu ya wakaazi wote wa Zanzibar, ambao kwa sensa hiyo walikuwa 1,889,773. Mtu anayetafuta kazi, anayefungua duka, aliyeoa juzi, mfanyakazi wa hoteli na mwanafunzi, wote wanagonga mlango mmoja wakiuliza chumba.

Wazee wetu wanaikumbuka Mji Mkongwe ya zamani. Nyumba moja ilikaa familia tatu au nne, kila moja na chumba chake, na kijana wa Pemba akipata kipembe chake kwenye ngazi au ukumbini. Tangu utalii ulipoingia kwa nguvu, na zaidi baada ya Mji Mkongwe kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, nyumba nyingi za namna hiyo zimekuwa hoteli, nyumba za wageni na maduka ya vinyago. Chumba kinacholipiwa kwa dola kwa usiku mmoja hakiwezi kumsubiri kijana anayelipa kwa shilingi kwa mwezi. Hatusemi hivyo kwa kuuchukia utalii, maana wako watoto wetu wanaokula kwa utalii huo huo. Tunasema ili tuelewe kwa nini hata anayesoma Vuga au anayefanya mazoezi hospitali ya Mnazi Mmoja analala Fuoni, Kwarara, Tomondo au Mwera, na anatoka nyumbani kabla jua halijachomoza.

Wala hatuwalaumu wenye nyumba. Mwenye nyumba kajenga kwa jasho lake, na bati na saruji hakupewa bure. Lakini masharti yake tunayajua: kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo, na dalali naye apate chake, mara nyingi kodi ya mwezi mmoja. Sasa tufanye hesabu ya mfano, kila mtu aifuate kwa vidole. Tuseme chumba ni shilingi 80,000 kwa mwezi. Miezi sita ni shilingi 480,000. Dalali 80,000. Jumla shilingi 560,000 kabla mtoto hajanunua godoro, ndoo wala jiko, kabla hajaweka umeme, na kabla hajapanda daladala hata mara moja.

Hizo 560,000 zinatoka wapi? Kwa wengi wetu zinatoka baharini, kwenye mwani. Kilimo hicho kilianza Unguja mwaka 1989, kikaingia Pemba, na leo nyumba nyingi za kwetu mama ndiye anayesomesha kwa mwani. Bei hupanda na kushuka. Tuseme mnunuzi anatoa shilingi 800 kwa kilo ya mwani mkavu. Basi mama anatakiwa afunge, avune, abebe, aanike na kupeleka kwenye mizani kilo 700 za mwani mkavu kwa ajili ya kodi ya miezi sita ya chumba kimoja. Mliowahi kubeba pakacha la mwani mbichi kutoka majini mnajua ukikauka unabakia nini. Kwa baba anayekwenda baharini Tumbe au Msuka hesabu ni ile ile, ila yeye hupimwa kwa upepo.

Wako wanaosema: si kuna mkopo wa elimu ya juu? Upo, na tunamshukuru kila aliyeupigania. Lakini mkopo huja kwa awamu, na si kila mmoja hupata, na anayepata hapati kwa siku anayoitaka. Mwenye nyumba anataka fedha zake siku ya kukabidhi ufunguo. Katikati ya siku hizo mbili ndipo watoto wetu wanapokwama.

Basi wanafanya nini? Kamati yetu imezungumza na wanafunzi wetu, wa kike na wa kiume, na tunawaeleza tuliyoyasikia bila kutaja jina la mtu.

Wengi wanafikia kwa jamaa. Hapa tunasimama kutoa shukrani. Wako watu katika ukumbi huu ambao nyumba zao zimewalea watoto wa Micheweni kumi, kumi na tano, mmoja baada ya mwengine, na hawakuwahi kudai senti. Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini tusemezane ukweli kama ndugu. Nyumba ya vyumba viwili yenye watoto watano haiwi kubwa kwa sababu mgeni kaja na barua ya chuo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanafunzi ni mgeni wa miaka mitatu au minne. Jembe lake ni kufua, kupika, kuchota maji, kuwapeleka watoto skuli na chuoni, na kulala ukumbini baada ya televisheni kuzimwa. Mwenye nyumba hakosi wema, na mgeni hakosi adabu, lakini mtihani ukifika mgeni hana meza wala taa wala saa moja ya utulivu. Na likitokea neno dogo la jikoni, udugu wa miaka arubaini unaingia ufa. Ufa huo unarudi mpaka Micheweni, na unakaa.

Wengine wanachanga. Chumba cha watu wawili kinalala wanne au watano. Mmoja ana jina kwenye mkataba, wengine wanaingia usiku na kutoka asubuhi ili mwenye nyumba asione. Wanalala kwa zamu, mmoja akisoma mwengine kalala. Akiugua mmoja homa, wote wanaugua.

Wengine wanakwenda mbali zaidi, pale kodi inapopungua. Lakini kodi ikipungua nauli inapanda. Tuseme daladala mbili kwenda na mbili kurudi zinakula shilingi 2,000 kwa siku. Kwa siku 22 za masomo ni shilingi 44,000 kwa mwezi. Alichokiokoa kwenye chumba kakiacha kwa kondakta, na masaa yake mawili au matatu ya kila siku hayarudi.

Na wako wanaorudi nyumbani. Hawa hatuwaoni hapa mjini, kwa hiyo ni wepesi kusahaulika. Anaandikisha kuwa ameahirisha mwaka, anarudi Pemba kutafuta fedha, na mwaka unakuwa miwili. Chuo hakikumfukuza. Mtihani hakuanguka. Amekosa godoro na mlango wa kufunga.

Tunaomba sasa tuseme juu ya mabinti zetu, na tunaomba akina baba mtusikilize. Mzazi anayemzuia binti yake asije Unguja mara nyingi si kwamba hataki asome. Amemsomesha mpaka kidato cha sita kwa mwani wa mama yake, vipi asitake? Anachokiogopa ni usiku. Anaogopa chumba cha uani chenye mlango wa bati, njia isiyo na taa kutoka kituo cha daladala, na mwenye nyumba asiyemjua. Anaogopa mtu atakayejitokeza kumlipia mtoto kodi pale fedha za nyumbani zilipochelewa, kwa sababu mtu wa namna hiyo hadai kwa risiti. Hofu hiyo si ujinga, na sisi hatuna haki ya kumwambia mzazi aache kuogopa mpaka tumuonyeshe nyumba, tumuonyeshe na mama atakayekaa na binti yake. Mpaka siku hiyo barua za mabinti wengine zitaendelea kubakia sandukuni pamoja na vyeti vyao. Nasi tutaendelea kulalamika kwamba hospitali ya kwetu haina muuguzi wa kike anayezaliwa Micheweni.

Umoja wetu haukukaa kimya. Kila mwaka tumechanga, na wanafunzi wenye shida wamesaidiwa kodi, vitabu na nauli za boti. Hiyo ilikuwa kheri na itaendelea. Lakini tuitazame ilivyo. Fedha ya kodi tunayompa mwanafunzi inakaa mkononi mwake dakika tano, kisha inakwenda kwa mwenye nyumba. Baada ya miezi sita tunaanza upya. Tungechanga hivyo miaka ishirini, mwaka wa ishirini na moja tutakuwa hatuna hata tofali.

Wazee wetu wa pwani hii walikuwa na dawa ya jambo hili, na jina lake tunalijua sote: wakfu. Mji Mkongwe umejaa nyumba za wakfu. Wenye mali waliziweka, nyengine kwa ajili ya misikiti, nyengine kwa vizazi vyao, nyengine kwa wasio na uwezo wakae bila kodi au kwa kodi ndogo. Mpaka leo ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayosimamia mali hizo. Aliyeweka nyumba kaburi lake huenda halijulikani tena, lakini chini ya dari aliyoiweka bado mtu analala.

Na kuwawekea wanafunzi wakfu si jambo geni. Pale Al-Azhar, Cairo, kwa karne nyingi wanafunzi walikaa katika riwaq, makaazi yaliyogawanywa kwa nchi walizotoka. Washami walikuwa na yao, Wamaghribi yao, Waturuki yao, na Wajabarti waliotoka upande wa Pembe ya Afrika walikuwa na yao. Mali za wakfu ndizo zilizowapa wanafunzi hao pahala pa kulala na mkate. Hapa karibu, Lamu, Msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh umepokea wanafunzi kutoka pwani yote tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na waliotoka mbali wakapewa makaazi. Watu hao walielewa kwamba kumwambia mtu "karibu usome" bila ya kumuonyesha pa kulala ni salamu tu.

Kwa hiyo Kamati inaleta kwenu pendekezo la hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni kuanzia mwaka huu wa masomo: umoja ukodi nyumba nzima moja kwa ajili ya mabinti, upande wa Tunguu, Jumbi au Fuoni, penye daladala karibu. Tuifanyie hesabu ya mfano. Tuseme nyumba ya vyumba vitano ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 6,000,000. Chumba kimoja akae mama mlezi, mtu wa kwetu anayejulikana na masheha wetu. Vyumba vinne vikae mabinti watatu watatu, jumla 12. Kila binti alipe shilingi 20,000 kwa mwezi kwa miezi kumi ya masomo. Hizo ni shilingi 2,400,000. Zinabakia shilingi 3,600,000 za kulipwa na umoja. Watu 300 wakitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, kwa mwaka zimetimia. Umeme na maji mabinti watachangiana wenyewe, na chakula watapika pamoja.

Tuseme wazi kwamba kodi yenyewe haitapungua sana kwa kukodi nyumba nzima. Faida yake ni nyengine. Mwanafunzi hatadaiwa miezi sita kwa mkupuo. Dalali atalipwa mara moja na umoja, si mara kumi na mbili na wazazi kumi na wawili. Mkataba utakuwa na jina la umoja, na mwenye nyumba atajua anazungumza na watu wazima. Na baba aliyeko Kiuyu atakuwa na namba ya simu ya mama mlezi.

Hatua ya pili ndiyo kubwa: kujenga au kununua dakhalia yetu wenyewe, tuifanye wakfu wa wanafunzi wa Micheweni, tuiandikishe Kamisheni ya Wakfu, isiuzwe, isirithiwe, isiwekwe rehani. Tuanze na sehemu ya mabinti, kisha ya vijana wa kiume. Siku ya kwanza nyumba hiyo itakapofunguliwa, ile shilingi 1,000 ya kila mwezi haitakwenda tena kwenye kodi. Itakwenda kwenye rangi, bati, na chumba cha pili. Hapo mchango utakuwa umeota mizizi.

Tunajua maswali yenu, kwa sababu tumeshayasikia barazani.

La kwanza: kwa nini tujenge Unguja wakati Micheweni kuna skuli zenye madarasa yanayovuja na madawati yasiyotosha? Swali hili ni la haki. Jawabu letu ni kwamba mwalimu wa hisabati atakayefundisha katika darasa lile, na muuguzi atakayekaa katika kituo kile, lazima alale pahala kwa miaka mitatu kabla hajarudi. Darasa bila mwalimu tumeshaliona. Mfuko wa madawati uko pale pale, na hatuombi shilingi moja itoke humo.

La pili: si kazi ya Serikali na vyuo? Ni kazi yao, na tutaendelea kuwaomba. Lakini mtoto aliyefaulu mwaka huu hawezi kungojea jengo la mwaka kesho kutwa. Misikiti yetu na visima vyetu vingi kule nyumbani hatukungojea.

La tatu, na wengi hulisema kwa sauti ndogo: fedha zitaliwa. Tunalijibu kwa sauti kubwa. Mfuko wa dakhalia utakuwa na akaunti yake peke yake, na hautachanganywa na mfuko wa mazishi wala wa dharura. Fedha hazitoki bila saini tatu, na mmoja wa watia saini awe mwanamke. Hesabu itabandikwa ukutani kila miezi mitatu, hapa na Micheweni, kwa shilingi na senti. Waliotoka katika Kamati hii hawatapata kitanda kwa watoto wao kabla ya mtoto wa mwengine mwenye shida zaidi. Vitanda vitagawiwa kwa kuangalia mambo matatu tu: barua ya chuo, hali ya nyumbani iliyothibitishwa na sheha, na kutokuwa na jamaa wa karibu mjini anayeweza kumpokea. Chama anachokipenda baba yake hakitaulizwa, wala shehia yake.

La nne: vijana wa kiume tumewatupa? Hapana. Kwa sasa wao wataendelea kupata msaada wa kodi kama ilivyokuwa, na mwaka ambao nyumba ya mabinti itasimama yenyewe, zamu yao imefika. Tunawaomba wastahamili, na tunawaomba pia mabega yao siku ya kuchanganya saruji.

Tunaomba nini basi? Tunaomba kila mtu mzima wa Micheweni aliye Unguja ajiandikishe shilingi 1,000 kwa mwezi, asiyeweza atoe anachoweza, anayeweza zaidi asizuiwe. Aliye na kiwanja anachokifikiria kwa sadaka ya wazazi wake, azungumze na Kamati kwa faragha. Fundi atoe siku zake. Mwenye duka la vifaa atoe mfuko wa saruji, bawaba, kitasa au ndoo ya rangi. Mwenye gari achukue magodoro. Mliopo Oman na kwengineko, mnaotuma fedha nyumbani kila Ramadhani, fikirieni kuelekeza fungu moja la mwaka huu kwenye tofali ambalo halitaliwa siku ya Idi. Na jamaa mnaolea wanafunzi majumbani mwenu, msidhani tumekuja kuwanyang'anya thawabu. Tunataka mtoto aje kwenu Ijumaa kusalimia, ale, acheke na watoto wenu, kisha arudi kwake kusoma. Udugu utapumua.

Nyinyi wanafunzi mliokaa nyuma, nanyi mna deni. Atakayelala katika nyumba hiyo na kumaliza, akapata kazi, asisubiri kutumiwa barua. Mshahara wake wa kwanza alete godoro moja kwa anayemfuata.

Fomu za ahadi ziko mezani kwa katibu na zimechapishwa nyuma ya kijitabu hiki. Atakayejaza leo, ajaze kiasi anachoweza kukitimiza mwezi wa mvua na mwezi wa kaskazi, si kiasi cha kupigiwa makofi. Barua nyengine za vyuo zinakuja mwaka huu huu, na tunataka mzee atakapouliza barazani mtoto atafikia kwa nani, apatikane mtu wa kumjibu: atafikia kwetu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atie baraka katika kidogo chetu, awahifadhi watoto wetu baharini na mjini, na ajaalie nyumba hiyo isimame tukiwa hai tukaione. Amin.